Kwa RV hadi chemchemi za maji moto za Liard: jibu kwa dada wa Edmonton

Swali lililoletwa ni hili. Dada mmoja anayeishi Edmonton, yeye na mumewe, watoto wawili (mmoja miaka 4, mwingine 9) na mama mkwe wa miaka 66 anayemeza dawa za presha, wanataka kukodi RV (gari lenye vitanda, jiko na choo ndani) mwezi Julai waende chemchemi za Liard River, kaskazini kabisa mwa British Columbia. Wana siku tisa na hawajawahi kuendesha gari la aina hiyo. Anauliza kama siku zinatosha, wachukue gari la ukubwa gani, wajiandae kwa mafuta kiasi gani, mama ataweza kuingia majini, na dubu je?

Dada, siku tisa zinatosha, ila hazibakizi nafasi ya kuzubaa. Edmonton hadi Dawson Creek ni kama kilomita 590 kwa barabara namba 43, kupitia Whitecourt, Valleyview na Grande Prairie. Dawson Creek ndiko Alaska Highway inakoanzia, na Liard iko kilomita 765 kutoka hapo. Kwenda na kurudi ni kilomita 2,700 na ushei. Gari dogo lingewafikisha kwa siku mbili, RV hapana. Ingawa sehemu kubwa ya njia inaruhusu kilomita 100 kwa saa, gari hilo linaendeshwa 85 hadi 90, na ukichanganya vituo vya choo, mafuta na chakula cha mtoto, wastani halisi ni 65 hadi 70. Pangeni saa sita za mwendo kwa siku, msizidishe saba.

Mpango unaofaa ni huu. Siku ya kwanza mnachukua gari. Kampuni nyingi hulitoa mchana na maelezo yanakula saa moja au mbili, kwa hiyo laleni Whitecourt, kilomita 180 tu. Siku ya pili Dawson Creek, ya tatu Fort Nelson (kilomita 455), ya nne Liard (310). Siku ya tano yote ni ya Liard. Ya sita hadi ya tisa ni kurudi kwa hatua zilezile, na kwa kuwa hatua ya mwisho ni fupi, hapo ndipo kuna saa chache za akiba. Msizitumie kwenda Watson Lake, mji wa Yukon ulio mbele ya Liard, kabla hamjajua hali ya moshi wa moto wa msitu na matengenezo ya barabara. Mkiingia British Columbia wakati wa kiangazi, saa hurudi nyuma kwa saa moja, kwa sababu eneo hilo halisogezi saa zake kama Alberta.

Sasa gari. Mnahitaji RV ya daraja C, ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, urefu wa futi 24 hadi 27. Leseni ya kawaida ya Alberta ya daraja la 5 inatosha. Wengi huangalia vitanda kwanza, ilhali kwa familia yenu cha kwanza ni mikanda. Kiti cha mtoto wa miaka 4 kinachotazama mbele lazima kifungwe na mkanda wa juu, ule unaonasa kwenye ndoano nyuma ya siti. RV nyingi hazina ndoano hiyo kwenye viti vya mezani, na nyingine zina mkanda wa kiunoni peke yake, ambao haufai kwa kiti cha kunyanyulia mtoto wa miaka 9. Siti inayotazama ubavuni haifungwi kiti cha mtoto hata kidogo. Pigeni simu kampuni, waombeni picha ya ndoano yenyewe, iwe imepigwa kwenye gari la aina mtakayopewa. Msikubali jibu la "ipo nadhani." Mama apewe kitanda cha nyuma: ngazi ya kitanda cha juu ni nyembamba, na safari ya chooni usiku wa manane ndiyo inayoangusha wazee.

Kwenye mkataba ulizeni mambo matatu yaandikwe: kwamba Alaska Highway inaruhusiwa, kwamba bima inahusu kioo cha mbele na tairi (mara nyingi haihusu, na huko kokoto zinazorushwa na malori hupasua vioo kila msimu), na kilomita ngapi zimo ndani ya bei. Kifurushi cha kilomita 1,000 kinaonekana rahisi hadi mnapolipia nyingine 1,800.

Mafuta: RV ya petroli ya ukubwa huo hula lita 22 hadi 28 kwa kilomita 100. Chukueni 25. Kwa kilomita 2,800, pamoja na mizunguko midogo, ni lita 700. Zidisheni kwa bei ya siku hiyo, kisha ongezeni asilimia 15, maana kaskazini mwa Fort Nelson bei hupanda vibaya. Tangi la lita 200 kwa hesabu ya karatasini linakwenda kilomita 800. Upepo wa mbele na vilima vya Rocky huweza kukata robo ya umbali huo.

Kabla ya kuondoka Edmonton, mumeo na wewe mpate saa mbili kwenye uwanja mtupu wa maegesho. Jambo la kujifunza ni mkia. Nyuma ya ekseli ya nyuma kuna karibu mita mbili na nusu au zaidi za mwili wa gari, na ukikata kona kali kulia, mkia huo hufagia kushoto. Ndiyo maana RV za kukodi zina mikwaruzo kwenye pembe za nyuma: dereva alitoka pampu ya mafuta huku akikata kona mapema. Nendeni mbele moja kwa moja hadi mkia upite kizuizi, ndipo mkate. Mkirudi nyuma, mmoja ashuke kila mara, asimame mahali anapoonekana kwenye kioo cha pembeni. Asipoonekana, dereva asimame. Andikeni urefu wa gari kwenda juu (huwa mita 3.5 hivi) kwenye karatasi, mbandike mbele ya dereva.

Mtu akiuliza safari hii inaamuliwa wapi, jibu ni Fort Nelson. Baada ya hapo hakuna mji hadi Watson Lake kule Yukon, zaidi ya kilomita 500. Mtandao wa simu unakatika karibu moja kwa moja. Kuna vituo vichache vya njiani, Toad River na Muncho Lake vikiwemo, lakini vituo kadhaa vya barabara hii vimefungwa kwa miaka mingi na vingine hufunguliwa kiangazi tu, kwa hiyo msijenge safari juu ya kituo mlichokiona kwenye ramani. Fort Nelson jazeni petroli hadi juu, jazeni gesi, jazeni maji safi, mwageni maji machafu yote, nunueni chakula cha siku tatu. Dawa za mama ziwe za siku nne zaidi ya mnazohitaji. Nyama ya halali, kama mnaitumia, itoke Edmonton ikiwa imegandishwa tayari. Friji ya RV haina nguvu ya kugandisha nyama mbichi kilo tano; huhifadhi kile kilichoingia kikiwa baridi, na yenyewe iwashwe saa 12 kabla ya kupakia.

Tulieni kwenye maji machafu, maana hapa ndipo wageni wa RV huharibikiwa. Kuna matangi mawili: la choo, na la sinki na bafu. Koki ya tangi la choo ikae imefungwa siku zote, hata mkiwa kwenye kambi yenye bomba la kumwagia. Ukiiacha wazi, maji hukimbia na uchafu mzito hubaki ukijijenga kama kichuguu chini ya bakuli, na hapo hakuna dawa ya haraka. Baada ya kila kumwaga, rudisheni lita 10 za maji na dawa yake ndani ya tangi kabla mtu hajatumia choo. Mwageni tangi likifika theluthi mbili, choo kwanza, kisha la sinki, ili maji ya sabuni yasafishe mpira. Karatasi iwe ile laini ya RV. Vitambaa vya kupangusia watoto visiingie humo hata kimoja. Mpira wa maji ya kunywa usikae kisanduku kimoja na mpira wa choo, na anayemwaga avae glavu.

Kambi ya Liard haina umeme wa kuchomeka. Hata Julai usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, mtawasha hita. Hita inachoma gesi, lakini feni yake inakula betri, kama ampea 7 hadi 8 kila inapozunguka. Ikizunguka theluthi moja ya saa kumi za usiku, ni takriban ampea-saa 25. Betri ya kawaida ya asidi yenye ampea-saa 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo hita peke yake imeshakula nusu ya mlicho nacho, kabla ya taa, pampu na simu nne za kuchaji. Matokeo yake yanajulikana: saa kumi alfajiri feni inazubaa, hita inazima, mama anaamka akitetemeka na gesi bado imejaa. Wekeni hita kwenye nyuzi 14 na mlale na mablanketi. Someni volti asubuhi: 12.6 betri imejaa, 12.1 imefika nusu. Ikifika hapo, washeni jenereta katika saa zinazoruhusiwa. Mbuga za mkoa huo zina saa maalumu za jenereta, asubuhi kidogo na jioni kidogo, zimeandikwa langoni. Bonyezeni kitufe cha kujaribia king'ora cha monoksidi ya kaboni (gesi ya sumu isiyo na harufu) siku ya kwanza, mbele ya mfanyakazi wa kampuni. Na hita ya maji ya kuoga isiwashwe kabla hamjaona maji yakitoka bombani kwa upande wa moto, maana ikiwaka bila maji huungua.

Barabara yenyewe ni lami, ila kila kiangazi kuna vipande vya matengenezo vyenye kokoto, kilomita tano hapa, kumi pale. Ilichongwa na jeshi la Marekani mwaka 1942, kwa takriban miezi minane, na karibu theluthi moja ya askari waliofanya kazi hiyo walikuwa Wamarekani weusi, katika vikosi vilivyotengwa na wenzao weupe. Waelezeni watoto mkiwa njiani. Ni historia ambayo ilichelewa sana kusimuliwa.

Kwenye kokoto shukeni hadi 40 au 50, na mkae mbali na lori lililo mbele. Mkitoka, simameni mahali salama mkague tairi za nyuma. Daraja C lina tairi mbili mbili kila upande nyuma, na jiwe la ukubwa wa yai likinasa katikati yake linasaga kuta za tairi zote mbili hadi zipasuke, tena mkiwa mwendo wa kasi. Angalieni kwa tochi, mlitoe kwa bisibisi ndefu au nyundo. Tairi ya ndani ndiyo inayosahaulika upepo kwa kuwa vali yake haifikiki kwa urahisi, na ikilegea, ya nje inabeba mzigo wa mbili. Pimeni upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kufuata namba zilizobandikwa mlangoni kwa dereva.

Kilele cha Alaska Highway yote ni Summit Lake, kama kilomita 140 hivi kutoka Fort Nelson, mita 1,295 juu ya usawa wa bahari. Mkiteremka, shusheni gia kabla mteremko haujaanza. Breki zilizokanyagwa mfululizo na gari la tani sita huchemka, mafuta yake hutoa mapovu, na pedeli inazama bila gari kupungua. Kanyageni kwa nguvu kwa muda mfupi, muachie, mrudie. Baada ya hapo kuna kondoo wa mwitu wanaolamba chumvi barabarani, kisha Muncho Lake, ambako barabara inabanwa kati ya mwamba na maji. Ziwa lile lina rangi ya kijani cha feruzi isiyosahaulika, lakini dereva asilitazame. Kuna maegesho ya kusimama.

Kuanzia karibu na Liard hadi Watson Lake mtakutana na nyati wa misituni, wakubwa kuliko mbogo wa kwetu. Hulala kando ya lami na hata juu yake. Usiku hawaonekani: ngozi ni nyeusi na vichwa wameviinamisha, macho hayarudishi taa. Kwa sababu hiyo msiendeshe baada ya giza kuingia. Julai hamna haja, kuna mwanga hadi karibu saa tano usiku. Mkiwakuta wamesimama barabarani, subirini. Msipige honi, msishuke kupiga picha.

Sasa maji yenyewe. Liard ni mbuga ya mkoa tangu 1957, katika nchi ya watu wa Kaska Dena. Hakuna volkano hapo kama ile iliyo chini ya Bonde la Ufa. Maji ya mvua na theluji huzama kwenye nyufa za miamba hadi kwenye joto la kina, kisha hupanda haraka kabla hayajapoa. Bwawa halijasakafiwa kwa saruji. Chini ni changarawe, pembeni miti na jimbi, na kuna ngazi za mbao, viti ndani ya maji na vyumba vya kubadilishia nguo. Joto ni nyuzi 42 hadi 52. Msitegemee kuchemsha mayai kama Ziwa Bogoria kule Kenya, lakini nyuzi 52 zinaunguza ngozi ya mtoto kwa muda mfupi sana. Upande maji yanakochipuka ndio wa moto. Kadiri yanavyotiririka chini ndivyo yanavyopoa. Familia yenu iingilie chini. Pimeni kwa kipimajoto cha maji cha dola kumi, msiamini mkono, kwa sababu mkono ulioingia dakika mbili zilizopita umeshazoea.

Mtoto wa miaka 4: mahali penye zaidi ya nyuzi 40 achovye miguu tu, mzazi amemshika. Mwili mdogo hupata joto haraka, na chini ya maji jasho haliwezi kuupoza. Wa miaka 9 akae dakika tano, atoke, anywe maji, apoe, arudi akitaka. Wote wasizamishe vichwa wala kuvuta maji puani: maji matamu yenye uvuguvugu yanaweza kubeba ameba adimu anayeingia ubongoni kupitia pua. Ni nadra mno, lakini kinga yake ni rahisi kiasi kwamba hakuna sababu ya kuiacha.

Mama aulize daktari wake kwanza, akitaja majina ya dawa zake. Tatizo halipo sana wakati ameketi majini, lipo wakati wa kutoka: joto limepanua mishipa, dawa nayo imeshusha presha, akisimama ghafla damu inachelewa kichwani na anaanguka kwenye ngazi zenye utelezi. Daktari akiruhusu, maji yafike kifuani tu, dakika saba hadi kumi, mtu mmoja awe pembeni yake wakati wote. Akitaka kutoka, aketi kwanza ukingoni miguu ikiwa majini, dakika mbili, ndipo asimame ameshikwa. Akisikia moyo unakwenda mbio au kichwa chepesi, basi kwa siku hiyo. Pete na cheni za fedha ziachwe garini. Salfa ya maji yale huzigeuza nyeusi.

Kutoka maegesho hadi bwawani ni njia ya mbao ya mita 700 hivi juu ya kinamasi cha maji ya uvuguvugu. Njia ya kwanza ya mbao iliwekwa na askari wale wale wa 1942. Ni tambarare na mama ataimudu polepole. Waonyesheni watoto samaki wadogo wanaoishi kwenye maji yale, na wajue kwamba kuna konokono mdogo ambaye duniani kote anapatikana hapo peke yake. Ndiyo maana hakuna kukanyaga nje ya mbao wala kuingia majini na mafuta ya jua au ya mbu yaliyopakwa sasa hivi. Vaeni mikono mirefu hadi ukingoni, kwa kuwa mbu wa Julai hawana huruma. Nendeni mapema asubuhi au baada ya chakula cha jioni. Mchana mabasi na magari ya safari hujaza bwawa.

Dubu wapo kweli. Agosti 1997 dubu mweusi aliua watu wawili kwenye mbuga hii, na bwawa la juu zaidi, linaloitwa Beta, limefungwa kwa miaka kadhaa sasa kwa sababu ya dubu. Msipite kizuizi chake hata mkiona wengine wanapita. Nunueni kopo la dawa ya pilipili ya dubu Edmonton au Fort Nelson, likae kiunoni mwa mtu mzima anayetembea mbele, si ndani ya mkoba, na msome maelekezo ya kutoa pini kabla. Hupulizwa dubu akiwa mita tano hadi nane, kuelekea usoni na chini kidogo. Watoto watembee katikati, mkiongea kwa sauti. Mkimwona, msikimbie: kusanyikeni, rudini nyuma taratibu, muwape walinzi taarifa. Kambini hakuna sufuria, takataka wala dawa ya meno inayobaki mezani. Mabaki ya samaki wa kukaanga ni mwaliko.

Nafasi ya kambi kwa Julai wekeni mapema iwezekanavyo kwenye tovuti ya mbuga za British Columbia. Nafasi zilizopangwa ni 53 tu. Asubuhi ya kila siku mkiwa bado na mtandao, fungueni DriveBC, tovuti ya hali ya barabara za British Columbia, muone moto wa msitu na kufungwa kwa barabara. Mei 2024 Fort Nelson nzima ilihamishwa kwa ajili ya moto. Barabara ikifungwa mkiwa Dawson Creek, hakuna njia fupi ya kuzunguka, kwa hiyo wekeni nafasi zinazoweza kurudishiwa fedha. Bima ya afya ya Alberta hulipia hospitali mkoa jirani lakini hailipii gari la wagonjwa, na hospitali za karibu na Liard ni Fort Nelson na Watson Lake. Bima ya safari ya siku tisa kwa mama ni lazima. Simu yenye ujumbe wa dharura wa setilaiti, au kifaa cha kukodi cha kazi hiyo, kiwepo garini.

Umeuliza pia kama mnaweza kuongeza chemchemi nyingine. Kwa siku tisa, hapana. Atlin kuna kidimbwi cha maji vuguvugu, lakini ni zaidi ya kilomita 600 mbele ya Liard, na Rabbitkettle ndani ya mbuga ya Nahanni haina barabara, hufikiwa kwa ndege ndogo ya majini. Kama mtapata siku kumi na sita mwaka mwingine, Liard na Atlin zinaungana vizuri kupitia Watson Lake, na hapo hesabu ya petroli ianzie lita 1,100.